Jibu: Kuzima seva za Amazon EC2 kwa ombi la programu

Ndugu, umeuliza kwa nini ombi lako la StopInstances (amri ya kuzima seva ulizokodi kwenye EC2, huduma ya Amazon ya seva za mtandaoni) linajibiwa bila kosa ilhali seva bado hazijazimika. Jibu hilo linathibitisha tu kwamba amri imepokelewa: ukilisoma vizuri utakuta hali ya awali ni 16, yaani seva inafanya kazi, na hali ya sasa ni 64, yaani inaelekea kuzimika. Programu yako iendelee kuuliza kwa DescribeInstances, amri ya kusoma hali ya seva, ikitulia kidogo kati ya ombi na ombi, hadi ipate 80, yaani seva imezimika.

Ukitaka kujua kama akaunti unayotumia ina ruhusa bila kuzima chochote, weka DryRun, kigezo cha kujaribu ombi bila kulitekeleza, kuwa true. Jibu la DryRunOperation, ingawa huja kwa sura ya kosa, ndilo la heri: maana yake ruhusa unayo. Force, kigezo cha kulazimisha seva izimike, iache hadi mfumo ukwame kabisa, kwa kuwa hukata kazi bila kuupa nafasi ya kuandika kwenye diski data iliyobaki kwenye kumbukumbu.

Seva iliyozimwa haitozwi saa za matumizi, lakini diski zake za EBS (huduma ya Amazon ya diski za seva hizi) huendelea kulipiwa, na anwani yake ya IP ya umma, isipokuwa kama ni Elastic IP (anwani isiyobadilika uliyotengewa), itabadilika utakapoiwasha tena.