Mnaoanza kazi ya joto la mtandao, shikeni kwanza bomba la kurudi

Wadogo zangu mnaoendesha joto la mtandao, yaani maji ya moto yanayotoka mtambo mmoja kwa mabomba hadi majengo mengi kisha yanarudi kupashwa tena, baridi imeingia na mmeanza yaleyale. Simu inalia alfajiri, mpangaji wa jengo la mwisho wa laini anasema radieta zake, vile vyuma vya kupashia vyumba joto, ni vuguvugu. Kijana wa zamu anapandisha maji ya kwenda kutoka nyuzi 75 hadi 85, malalamiko yanakoma, na kwenye daftari la zamu anaandika "imerekebishwa". Hapana, haijarekebishwa. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Usiguse joto la kwenda kabla hujasoma la kurudi. Chukua jengo linalohitaji kilowati 100. Maji yakifika na nyuzi 80 na kurudi na 40, mita za ujazo 2.2 hivi kwa saa zinatosha. Yakirudi na 60, unahitaji 4.3. Mzigo ni uleule na mabomba ni yaleyale, ila maji yameongezeka maradufu, msukumo unaopotea njiani umepanda karibu mara nne, na umeme wa pampu karibu mara nane. Anayeumia ni yule wa mwisho, maana msukumo unamfikia umeshakwisha.

Msimu mmoja tulilifanya kosa hili zamu nzima, wazee kwa vijana. Kila simu ilipoingia tulipandisha nyuzi mbili tatu, hadi boila ya akiba ya mafuta ikawashwa, na bado mwisho wa laini watu walilala na makoti. Aliyetuamsha ni fundi mmoja aliyeacha kompyuta akaenda kwenye jengo lililo karibu kabisa na mtambo, ambalo halijawahi kulalamika hata mara moja. Nje aliona madirisha yako wazi, na theluji iko chini. Akashuka chumba cha mitambo, akaweka kiganja kwenye bomba la kurudi, akakiondoa hapohapo. Sensa ya joto ilikuwa imechomoka kwenye mfuko wake wa chuma ulio ndani ya bomba, inaning'inia hewani, inapima hewa ya chumba na kuiambia kontrola kuwa maji ni ya baridi. Vali ya kuingizia maji ya moto ikabaki wazi yote. Pembeni yake, mkono wa baipasi, njia ya mkato inayorudisha maji bila kupasha jengo, ulikuwa umelala sambamba na bomba, yaani iko wazi: ilifunguliwa siku ya kusafisha mabomba na hakuna aliyerudi kuifunga. Jengo moja lilikuwa linakunywa maji ya wenzake, na sisi tukawa tunalimiminia ya moto zaidi. Huko ndiko kufunika kombe mwanaharamu apite, na bili ililipwa na wateja wote.

2. Maji ya kuogea msiyashushe joto kiholela. Tangi libaki nyuzi 60, Legionella, bakteria wa maji ya vuguvugu wanaoleta homa ya mapafu, si mzaha.

3. Maji ya kuongeza mtandaoni yalainishwe (yaondolewe chokaa) na yatolewe oksijeni, na yakianza kuongezwa mara kwa mara, tafuteni pa kuvuja.

4. Alamu ya nyaya za kugundua unyevu ndani ya kifuniko cha kuhifadhi joto cha mabomba haizimwi kwa sababu inakera.

5. Mpito wa nishati, yaani kuacha makaa na mafuta, ambao nyote mnaupenda kwenye mahojiano ya kazi. Denmark ilipokumbwa na mgogoro wa mafuta mwaka 1973, karibu asilimia 90 ya nishati yake ilitokana na mafuta. Mwaka 1979 ikatunga sheria ya usambazaji joto, manispaa zikalazimika kupanga, na leo karibu theluthi mbili ya nyumba zimeunganishwa na joto la mtandao. Uzuri wa mtandao ni huo: badilisha chanzo kimoja, na maelfu ya nyumba zinahama bila mtu kung'oa radieta. Mji wa Esbjerg, hukohuko Denmark, wamefunga kituo cha makaa ya mawe na sasa pampu joto kubwa, mashine ya umeme inayohamisha joto kutoka kwenye baridi, inavuta joto kutoka maji ya bahari.

Ila sikilizeni. Boila ya makaa ilivumilia maji yakirudi na nyuzi 60. Pampu joto haivumilii, hasa zile zinazobebea joto kwa kaboni dioksidi, kama ile ya Esbjerg, ambazo ufanisi wake huporomoka maji yakirudi ya moto. Boila ya chipsi za mbao nayo hushindwa kunasa joto la moshi wake. Kwa hiyo ile sensa inayoning'inia ni suala la mpito kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Kila nyuzi mnayoshusha kwenye maji ya kurudi inafungua mlango kwa joto la vituo vya data, la maji taka, la jotoardhi, vyanzo ambavyo mtandao wa nyuzi 90 mara nyingi hauwezi kuvitumia moja kwa moja.

Simu ijayo ikilia, toeni data za mita zote, zipangeni kwa ujazo wa maji dhidi ya joto lililotumika, kisha nendeni kwenye majengo kumi yanayoongoza orodha hiyo kabla ya kwenda kwa aliyelalamika. Chukueni tochi na bisibisi. Baipasi mkiifunga, andikeni tarehe na jina la aliyeifunga, ili wa zamu ijayo asiifungue akidhani imesahauliwa.