Neema mwanangu, jibu la swali lako la uwanja wa ndege

Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu.

Nyumbani nimefika salama na wote wanakusalimu. Mjukuu wangu bado namsikia akilia usiku. Naamka napapasa ukuta nikitafuta mlango wa chumba chenu cha Toronto, kumbe niko Tabata na anayelia ni paka wa jirani.

Nakuandikia kwa ajili ya lile swali uliloniuliza uwanja wa ndege, nami nikajifanya nimesikia safari yangu ikitangazwa. Uliniuliza: "Mama, wale watoto wa Maura walikuwa na haki ya kumkasirikia mzazi wao, au ni ubinafsi wao tu?" Njia nzima sikuwaza kitu kingine.

Nianze na kweli hii. Ile tamthilia ya Transparent, ya huyo Maura ambaye watoto wake walimjua kama baba hadi uzeeni alipowaambia yeye ni mwanamke, niliangalia mwanzoni kwa sababu nilitaka kukaa karibu yako. Wewe unanyonyesha, mimi nakunja nepi, unanifasiria pale wanapozungumza haraka. Transparent, ukanieleza, ni kitu kinachoonyesha ndani kama kioo cha dirisha, na mkiani mwa neno hilo limekaa neno la Kiingereza la mzazi. Ukaniambia Amazon walianza kuionyesha mwaka 2014, na kwamba aliyeitunga, Joey Soloway, hakuiokota hewani. Mzazi wake mwenyewe, aliyemjua miaka yote kama baba, alimwambia ukubwani kwamba yeye ni mwanamke. Tangu uliponiambia hivyo niliacha kukunja nepi, nikaangalia.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya lugha? Ulihangaika kunieleza kwamba Kiingereza kina neno lake la kumtaja mwanamume na jingine la mwanamke, na wale watoto wanajikwaa kila wakifungua mdomo. Nikakuambia kwetu ni yeye. Amekuja, amekaa, amelia, basi. Ukanirudi: "Na baba je, Mama?" Hapo nikakwama, maana baba ni baba na mama ni mama. Wale watoto wakaunda neno lao, Moppa, nusu "momma" nusu "poppa", yaani mama na baba kwa Kiingereza chao. Mimi nililipenda. Hawakuletewa na daktari wala mwalimu, walilitengeneza wenyewe wakiwa wanatafuta namna ya kuendelea kumwita.

Sehemu ya kwanza nayo ilinigusa. Mzee yule, profesa mstaafu wa Los Angeles, amewaita watoto wake watatu wazima awaambie jambo la maisha yake, nao wanakula mbavu za kuchoma, mchuzi umewajaa usoni, wanadhani ana saratani. Halafu mazungumzo yanahamia kwenye nyumba, nani ataichukua. Neno lake likabaki kooni. Nimewahi kukaa meza ya namna ile.

Lakini uliponiona nimenyamaza, nikakuambia nimechoka, nikaenda kulala bila kumbusu mtoto, ilikuwa ni ile sehemu inayorudi nyuma hadi mwaka 1994. Ali, binti mdogo wa Maura, ana miaka 13. Ni wakati wa ile sherehe ya Kiyahudi ya binti kusimama mbele ya watu wake na kusoma Torati, kisha ahesabiwe mtu mzima katika dini. Mtoto anasema hataki. Na mzazi, badala ya kukaa naye amuulize kinachomsumbua, anakubali haraka, kwa sababu siku hizohizo kuna kambi porini ya wanaume wanaovaa nguo za kike, naye anataka sana kwenda. Mkewe anaambiwa ni mkutano wa kikazi. Sherehe inafutwa, binti anabaki peke yake, anatangatanga hadi ufukweni na mwanamume mzima asiyemjua. Na kule kambini, mzazi wake anakuta watu wanaomcheka mmoja wao aliyeanza kutumia homoni, wakisisitiza kwamba wao ni wanaume waliovaa magauni tu. Yaani hata mahali alipokimbilia kujificha, ilimbidi ajifiche tena.

Sasa nisikilize, Neema. Jambo hili ulipaswa kulisikia kwangu zamani.

Mwaka 1996 kiwanda nilichokuwa nafanya kazi kilipunguza watu, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Kiinua mgongo kikawa cha njoo kesho. Sikumwambia baba yako, wala wewe. Kwa miezi saba niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa sare yangu ya bluu na kitambulisho shingoni, nikakuaga, nikapanda daladala hadi Temeke. Huko nilibadilisha nguo kwa rafiki yangu, nikafunga kitenge, nikauza vitumbua na chai ya rangi. Jioni navaa tena sare, narudi, nakusimulia habari za kazini. Nilizitunga njiani. Ile hadithi ya mashine iliyoharibika ambayo wewe na baba yako mlicheka mpaka machozi, haikutokea.

Kipaimara chako kilikuwa mwaka huohuo. Gauni jeupe nilikushonea mimi kwa mkono, usiku. Lakini msimamizi wako wa kipaimara alikuwa bado anafanya kazi kiwanda kilekile, na nilijua akiniona tu kanisani atanikumbatia na kunipa pole mbele ya watu wote. Kwa hiyo nikasema nimepangiwa zamu ya Jumapili. Askofu alipokupaka krisma, mama yako alikuwa Temeke amekaa mbele ya sufuria la chai, hana mteja, kwa kuwa Jumapili watu wako makanisani.

Baba yako, Mungu amrehemu, alinigundua mwenyewe. Alipita Temeke kwa shughuli zake, akaniona. Alikuja akanunua chai, akainywa yote, akalipa, akaondoka. Usiku ndipo alipoongea. Tukakubaliana wewe usiambiwe, tukisema mtoto ataumia. Wala hatukuona kwamba ulishaumia, tena kwa jambo baya kuliko umaskini: ulidhani siku yako haikuwa na maana kwangu. Mahafali ya kidato cha nne ulileta kadi moja, ukampa baba yako. Nilielewa. Sikuuliza.

Simfananishi Maura na mimi. Mimi nilivaa sare miezi saba nikaivua. Binti yake Sarah alipomuuliza kama sasa atakuwa anavaa kama mwanamke siku zote, alijibu kwamba ni maisha yake yote ndiyo amekuwa akivaa kama mwanamume. Nilikushika mkono pale, sijui kama ulihisi. Mtu kuishi hadi uzeeni ndani ya sare ambayo hakuichagua, akiwa mume, akiwa baba, akiwa mwalimu mbele ya darasa! Mimi miezi saba ilinitoa mvi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Walikuwa na haki. Lakini si kumkasirikia kwa gauni, wala kwa jina jipya, wala kwa kuwa mwanamke. Hapo hakuwakosea kitu. Ali alikuwa na haki ya kumkasirikia kwa ile siku, kwa kuachwa. Na tena nilipenda kwamba anamwambia usoni: mzazi gani anamruhusu mtoto wa miaka 13 afute sherehe yake mwenyewe? Wengi wakiangalia watachanganya hayo mawili. Watasema, unaona, mtu wa namna ile anavunja familia. Mimi nimelivunja jambo lako la kwanza kubwa na mimi ni mama wa kawaida, wa jumuiya, wa kwaya. Kilichofanya hivyo ni hofu ya kuonekana. Tofauti ni kwamba mimi nilihofia kuonewa huruma, yeye alihofia kupoteza watoto, mke, kazi, na pengine maisha.

Na hofu yake haikuanza naye. Zile sehemu za Berlin ya mwaka 1933 nilizielewa vizuri kuliko za Marekani. Bibi Rose, mama yake Maura, akiwa msichana mdogo, na nduguye Gittel, mwanamke transijenda, yaani aliyezaliwa akahesabiwa mwanamume kama Maura, aliyechezwa na Hari Nef, wakiingia na kutoka katika taasisi ya Magnus Hirschfeld, daktari wa Kijerumani aliyechunguza mambo ya jinsia. Uliniambia taasisi hiyo ilikuwapo kweli, na kwamba Mei mwaka huo Wanazi waliivamia wakachoma vitabu vyake hadharani. Rose na mama yake wakavuka bahari, Gittel akabaki. Jina la Gittel likabaki katika familia, habari yake ikapotea. Nikajiuliza mtoto aliyezaliwa na yule msichana angejifunza wapi kusema.

Utaniuliza juu ya Kanisa. Linavyofundisha unajua, na mimi nasali humo na nitazikwa humo. Nimeongea na Mungu juu ya watu hawa tangu nirudi, na mengine ni ya mimi na Yeye. Ninachoweza kukuambia ni kwamba yule rafiki wa Maura, Davina, niliposikia kwamba Alexandra Billings anayemcheza ni mwanamke transijenda katika maisha yake mwenyewe, nilifurahi. Siku nyingine nikisikia watu hapa kwetu wanamzomea mtu wa namna hiyo njiani, nitakwenda kusimama karibu naye. Nimeshaamua.

Ile habari ya Jeffrey Tambor, aliyemcheza Maura, iliniuma. Wanawake wawili transijenda waliofanya kazi naye, mmoja wao Trace Lysette aliyemcheza Shea, rafiki mwingine wa Maura, walimshutumu kwa kuwanyanyasa. Yeye alikanusha, na mwaka 2018 akaondolewa. Hivyo mwisho wa tamthilia mwaka 2019 ukatengenezwa bila yeye: Maura amekufa, na familia imebaki inaimba. Wewe ulisema nyimbo zile ni nyingi mno. Mimi niliona watu wenye maswali ambayo aliyepaswa kujibu hayupo tena.

Nina miaka 69, Neema. Ndiyo maana sikusubiri uje.

Kama una hasira nami, usizimeze kwa sababu mimi ni mama yako na nimezeeka. Nipigie Jumapili baada ya misa, nitakuwa peke yangu. Uliza unachotaka, hata kuhusu ile mashine.

Ile picha ya kipaimara ipo sebuleni, karibu na saa: wewe, baba yako, na msimamizi wako ameshika mshumaa. Nimeitazama miaka yote hii. Mkono wako wa kushoto umeuacha mbali kidogo na mwili, kama wa mtu aliyemwachia mwenzake nafasi.

Mama yako