Chapa ya Audubon au ya Harper?

Ndugu, umeuliza ununue chapa (picha iliyochapwa) ipi ya ndege wa Marekani kwa ajili ya sebule: ya John James Audubon, mchoraji wa ndege wa karne ya 19, au ya Charley Harper, mchoraji Mmarekani wa karne ya 20. Ya Audubon ichunguze kwa kioo cha kukuzia. Chapa zake 435 za 1827–1838, nyingi zikichongwa na Robert Havell wa London kwenye mabamba ya shaba, zilipakwa rangi kwa mkono. Ukiona nukta ndogondogo zilizopangika, hiyo ni nakala ya baadaye. Inua karatasi kwenye mwanga, utafute jina la Whatman, mtengenezaji wa karatasi, lililofichika ndani yake. Harper (1922–2007) alimjenga ndege kwa duara na pembetatu, bila kuhangaika na kila unyoya. Mimi ningemchukua yeye: karatasi ya Audubon ina urefu wa karibu mita nzima, itaimeza sebule yako.