Wimbo wa Mvuvi Aliyeingia Ofisini: Ushauri kwa Mwenye Barua ya Ajira Mkononi

Katika mwalo wa Igombe, mwezi ukishakuwa mpevu, mitumbwi ya dagaa hubaki nchi kavu. Dagaa huvuliwa kwa kuvutwa na mwanga wa taa katika giza, na mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa lote, taa ya mvuvi inakosa nguvu ya kuwakusanya. Siku hizo za mapumziko mjomba wangu hukaa chini ya mwembe akishona nyavu, na ndipo huimba wimbo mmoja ambao nimeusikia tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ni wimbo wa Kisukuma, wa taratibu mno, mmoja huanzisha na waliopo huitikia kwa mvumo mrefu usio na maneno, nao unamhusu kijana aliyeacha mtumbwi akaenda kufanya kazi ya kalamu mjini.

Kijana huyo hateswi na mtu yeyote, na hicho ndicho kinachouma katika wimbo wenyewe. Mama yake anamnunulia viatu kwa furaha. Kila alfajiri anakutana njiani na wenzake wanaotoka majini, wao wakirudi na yeye akienda, na yeye ambaye zamani ndiye aliyeulizwa habari za ziwa sasa ndiye anayeuliza. Kuna beti moja ambayo mjomba akiifikia hupunguza sauti: kijana amekaa dirishani, anaona upepo umegeuka juu ya maji, na mkono wake unainuka wenyewe kutafuta kamba ya tanga ambayo haipo.

Niliupenda wimbo huo kwa miaka mingi bila kujua kwamba siku moja ungenihusu. Kabla ya mwaka 2021 nilikuwa mchakataji wa dagaa. Nilinunua dagaa wabichi kwa ndoo mitumbwi ilipotia nanga asubuhi, nikawaanika kwenye vichanja vya nyavu nilivyovijenga pamoja na mdogo wangu, na gunia zikijaa nikazipeleka soko la Mwaloni pale Kirumba, ambako wanunuzi hutoka mikoa mbalimbali na hata nchi jirani. Nilipanga siku yangu kwa kuangalia mwezi na mawingu. Siku ya jua kali niliweza kulala kivulini saa nzima, nikijua kwamba dagaa wanajikausha wenyewe. Wingu likionekana upande wa ziwa, nilikimbia kama mtu aliyeunguliwa na nyumba, kwa kuwa dagaa walionyeshewa wakiwa nusu wakavu hubadilika rangi, huanza kunuka, na aliyetegemea kuwauza kama chakula cha watu huishia kuwauza kwa bei ya kutupa kwa watengeneza chakula cha kuku.

Sitaki kuyapamba maisha hayo. Niliwahi kupoteza mtaji wote kwa mvua ya siku tatu. Mama yangu, kwa upande wake, hakuyaamini maji tangu meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mtaa wetu ukapata misiba, na kila upepo mkali ulipovuma usiku aliamka kuhesabu ni nani wa ukoo yuko ziwani. Nilipopata nafasi ya ukarani katika kampuni moja ya mjini, yenye mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi, mama alilia kwa furaha. Sikudanganywa wala kulazimishwa na mtu, nilitaka uhakika wa kula mwezi mzima, na kwa mwenye mtoto mdogo huo si uhakika wa kudharau. Ukiwa umeshika barua ya namna hiyo sasa, usiione aibu kuikubali. Ninayokuandikia ni yale ambayo ningependa dada yangu mkubwa, kama ningekuwa naye, angeniambia kabla sijatia sahihi.

Jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa ukimya. Watu wa kanda yetu wamezoea kufanya kazi kwa wimbo. Vikundi vya wakulima wa Kisukuma vililima kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja, na mamanju, yaani watunzi na waongozaji wa nyimbo, wa vyama viwili vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakashindana kwa tungo baada ya mavuno. Ukifika Bujora, pale Kisesa, makumbusho yanaonyesha ngoma hizo, na sherehe ya Bulabo ya kila mwaka bado inawakutanisha wachezaji. Hata sisi wanawake wa vichanjani tuligeuza dagaa kwa wimbo, kwa kuwa mkono unaofuata wimbo hauchoki upesi, na aliyechoka kweli hujulikana kwa jinsi anavyochelewa kuitikia, akapokelewa na mwenzake bila kuomba. Ukarani ndio kazi ya kwanza maishani mwangu iliyokosa wimbo. Wiki ya pili nilikuwa napanga ankara kwa tarehe, mikono ikizoea mwendo, nikaanza kuuvumisha wimbo wa mjomba puani bila kujua. Msimamizi aliniomba kwa upole ninyamaze, kwa sababu alikuwa anazungumza na simu. Nilinyamaza. Lakini mama mmoja wa meza ya pili, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alipita karibu yangu saa ya chakula akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaijua beti ya nyavu. Baba yake alikuwa mvuvi wa Ukerewe. Kuanzia siku hiyo tulikuwa tunakula pamoja kwenye ngazi za nyuma, na ninakushauri kwa moyo wote umtafute mtu wa namna hiyo mapema, kwa kuwa ofisini hakuna wimbo wa kumjulisha mwenzako kwamba umechoka.

La pili ni saa. Nilitia sahihi mkataba kwa kusoma sehemu ya mshahara tu, na nadhani wengi hufanya hivyo. Nilikuwa naingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na ukiondoa saa moja ya chakula hizo ni saa 54 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, na saa za ziada zinapaswa kulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Sheria hiyohiyo inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Nilikaa mwaka mzima na miezi miwili nikidhani likizo ni hisani ya bosi. Nilipoanza kuandika saa zangu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, na kuipeleka kwa adabu mwisho wa mwezi, Jumamosi yangu ilifupishwa hadi saa saba mchana bila ugomvi wowote. Mvuvi hujua usiku wake umeanza lini na umekwisha lini kwa kuona nyota. Wewe uliye ndani ya kuta nne itakubidi uandike.

Fuatilia pia mchango wako wa pensheni. Katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10. Mimi nilikatwa kila mwezi, lakini nilipokwenda kuomba taarifa ya michango nikakuta miezi mitano haijapelekwa. Ililipwa baada ya mimi na wenzangu kuandika barua. Nenda uulize angalau mara mbili kwa mwaka. Na ikitokea umeachishwa kazi kwa njia unayoona si ya haki, kumbuka kwamba malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30; wengi huzitumia siku hizo kulia na kushauriana na ndugu, kisha wakaambiwa wamechelewa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, ambalo wimbo wa mjomba haulitaji, kwa sababu huenda enzi ulipotungwa halikuwapo. Kwa muda mrefu niliamini kwamba uhuru wangu ulichukuliwa na meza. Nilipotulia na kuhesabu vizuri, niliona kwamba mwaka wa kwanza, pamoja na saa zote zile, nilikuwa bado huru kuondoka. Baada ya kukatwa kodi na pensheni nilikuwa napokea kama shilingi 394,000, maisha yalikuwa ya kubana, lakini asubuhi yoyote ningeweza kuandika notisi yangu, nikamaliza siku zake na kupanda daladala ya Igombe. Uhuru huo niliutoa mwenyewe, alasiri moja ya Novemba, kwa dakika zisizofika arobaini, nilipochukua mkopo wa mshahara.

Afisa mikopo alikuja palepale ofisini, kijana mchangamfu, akaniita dada, akanionyesha kwamba ninaweza kupata shilingi milioni nne na kulipa kidogokidogo kwa miezi 36. Nilitaka kumaliza nyumba ya mama, vyumba viwili na kibaraza, na nia hiyo sijaijutia hata leo. Makato yalikuwa shilingi 145,000 kila mwezi, maana yake ni kurudisha shilingi 5,220,000. Nakumbuka karatasi ilikuwa na kurasa tisa na kwamba nilitia sahihi mahali penye alama ya penseli pekee. Kuanzia mwezi uliofuata nikawa naishi kwa shilingi 249,000, na hapo ndipo maneno ya msimamizi yalipoanza kuwa mazito. Nilipotakiwa kubaki jioni, nilibaki. Nilipohamishiwa kazi za mtu mwingine bila nyongeza, nilikubali, maana aliyefungwa na makato ya miezi 36 anaijua idadi hiyo kuliko umri wa mtoto wake. Kutoka dirishani niliona kivuko cha Kamanga kikienda na kurudi mbele ya jiwe la Bismarck, na mara ya kwanza nikaielewa beti ya mkono unaotafuta kamba.

Kwa watumishi wa umma upo utaratibu kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na watu huuchukulia kama ruhusa ya kukopa hadi kufikia theluthi hiyo. Naomba usifikiri hivyo. Theluthi ni mahali ambapo sheria inamzuia mkopeshaji asikumalize. Hapakusudiwi kuwa mahali pa kuishi. Ushauri wangu, na ninautoa kwa uzito, ni kwamba usikope kwa dhamana ya mshahara katika miaka miwili ya kwanza ya ajira, hata jambo liwe jema namna gani. Nyumba ya mama ingeweza kujengwa chumba kimoja kimoja kupitia mchezo wetu wa kikoba, ambao nilikuwa nimeuacha nikidhani mtu wa mshahara hauhitaji. Ukishalazimika kukopa, kopa kiasi ambacho ukiacha kazi kesho kazi yako ya zamani inaweza kukilipa. Kipimo hicho alinifundisha yule mama wa meza ya pili, ambaye alifanya kazi kwa miaka zaidi ya ishirini bila mkopo hata mmoja wa mshahara, na ndiye mtu pekee katika ofisi ile niliyemsikia akimwambia msimamizi hapana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaendelea kuandika.

Hapo ndipo inaponibidi nirudi kwenye beti ya nyavu, ambayo waimbaji wengi huiacha kwa kuwa ni ya mwisho na watu wanakuwa wameshachoka kuitikia. Katika beti hiyo kijana bado yuko mjini, lakini nyavu zake zimetundikwa darini kwa mama yake. Panya wameanza kuzitafuna. Mama anatuma salamu kwa mpita njia: anauliza azishone au aziuze. Wimbo unaishia kwenye swali hilo, na jibu la kijana halipo.

Nilipoondoka Igombe, jirani alitaka kuvinunua vichanja vyangu vyote saba kwa bei nzuri, na nilikaribia kumpa. Mdogo wangu ndiye aliyekataa. Alisema atavifanyia kazi yeye, na faida tutagawana, theluthi yangu na theluthi mbili zake. Leo, mkopo ukiwa umekwisha na mimi nikiwa bado nimeajiriwa, sehemu ninayoipata vichanjani haifiki nusu ya mshahara, lakini Machi iliyopita nilipoombwa kuacha Jumapili zangu kwa miezi mitatu mfululizo, nilikataa, na mikono yangu haikutetemeka. Kwa hiyo, kabla ya kuripoti kazini, kaa na ndugu unayemwamini, mwonyeshe mtumbwi, cherehani, shamba, kiti cha kinyozi, au chochote kilichokulisha kabla ya barua hiyo, na mwandikishiane kwa karatasi nani atakitumia, mtagawana vipi, na nani atalipia matengenezo. Kisiachwe kikae bure kikisubiri uchoke na mjini.

Jumamosi zenye mbalamwezi hutoka kazini saa saba, nikapanda gari ya Igombe na kufika jua likiwa bado kali. Mdogo wangu huniachia vichanja viwili vya mwisho vya kugeuza. Mjomba huwa chini ya mwembe na sindano yake ya mbao, anaimba, na akifika kwenye beti ya nyavu huniangalia mpaka niitikie.