Siku mbili Rungwe: tuanze na lipi?

SWALI: Dada, mimi na mume wangu tuna siku mbili tu Tukuyu, wilayani Rungwe, Mbeya. Ziwa Ngosi na maporomoko ya Kaporogwe, tutaviwahi vyote?

JIBU: Mtaviwahi, mdogo wangu, ila Ngosi iwe ya kwanza, tena asubuhi. Ukungu ukitanda, mtapanda msitu mzima mfike ukingoni mkute weupe mtupu. Njia ni mizizi na tope, kandambili ziacheni. Ziwa lenyewe liko chini kabisa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, kuta zake zimesimama wima, kwa hiyo wengi huishia kulitazama kutoka juu. Inatosha sana! Kesho yake Kaporogwe: nyuma ya maji kuna pango, na humo lazima mlowe. Mkitaka, ongezeni na Daraja la Mungu, daraja la asili la lava (mwamba wa volkano ulioyeyuka) iliyoganda juu ya mto Kiwira; halihitaji muda mrefu.