Maswali ya Wasomaji: Helikopta, Mlima na Theluji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni zile safari fupi za helikopta zinazopanda mlimani, zikatua juu ya theluji kwa dakika chache, kisha zikarudi zilikotoka. Tumechagua barua sita, tumezifupisha pale zilipokuwa ndefu mno, na majina ya walioziandika tumeyaacha kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tunakusudia kuadhimisha miaka 10 ya ndoa yetu kwa kuruka na helikopta juu ya milima yenye theluji. Tumeonyeshwa safari mbili: ya dakika 20 isiyotua popote, na ya dakika 30 inayotua kwenye theluji. Mke wangu anasema dakika 10 za nyongeza hazilingani na fedha wanazodai. Nani kati yetu ana hoja? – Mume mwenye shaka

JIBU: Kabla ya kuamua nani ana hoja, ulizeni dakika hizo zinaanza kuhesabiwa wapi na zinaishia wapi. Zipo kampuni zinazotaja muda wa kuwa angani peke yake, na zipo zinazojumlisha muda wa kusimama mlimani. Kwa hiyo safari inayoitwa ya dakika 30 inaweza kuwa dakika 20 za kuruka na 10 za kusimama, na hapo mke wako atakuwa amepiga hesabu sawasawa, kwani hamtaongezewa hata dakika moja ya kuruka.

Pamoja na hayo, mimi ningelipia kutua. Ukitazama mlima kupitia dirisha, hata kwa karibu, unabaki kuwa mtazamaji. Kutua ni jambo jingine kabisa, na linaanza kabla hamjagusa chini. Rubani hashuki moja kwa moja kama dereva anayeegesha gari. Kwanza hupita juu ya mahali anapopakusudia, akaangalia upepo unapeperusha theluji kuelekea upande gani, mteremko ukoje, na atatokea wapi iwapo atabadili nia dakika ya mwisho. Kisha hushuka polepole mpaka vile vyuma viwili virefu vya chini, ambavyo ndivyo miguu ya helikopta, viguse theluji. Hata hapo haondoi nguvu zote za injini kwa mara moja. Huiacha helikopta ijikalie kidogo kidogo, akipima kama pande zote mbili zinazama kwa usawa. Helikopta za kazi hii mara nyingi hufungwa vibao vipana kwenye vyuma hivyo ili visididimie. Ukiwa kitini utahisi kama umekalia godoro linalobonyea, likasita, likabonyea tena, halafu likatulia. Mlango utafunguliwa kutoka nje, na hatua yako ya kwanza inaweza kuzama hadi gotini.

Jambo moja tu msilidanganyikie, nalo ni ule ukimya wa mlimani unaosifiwa katika matangazo. Kituo cha dakika 5 hadi 10 ni kifupi, na marubani wengi huiacha injini ikinguruma na mapanga yakizunguka hadi mnapopanda tena. Kama ukimya ndio mnaoufuata, ulizeni mapema iwapo injini huzimwa.

SWALI: Tulipofika kituoni tulipandishwa kwenye mizani mmoja mmoja mbele ya wageni wengine, ingawa nilikwisha kutaja uzito wangu wakati wa kulipia. Kisha nikatenganishwa na dada yangu: yeye akakaa mbele kando ya rubani, mimi nikabanwa nyuma katikati. Kwa nini hawakuniamini, na kwa nini kiti kizuri apewe yeye? – Niliyeona haya

JIBU: Pole sana. Kuwapima wageni hadharani ni ukosefu wa adabu, tena unaoweza kuondolewa kwa pazia moja tu. Kupima kwenyewe, hata hivyo, hakuna namna ya kukukwepa. Sote tukiulizwa uzito wetu hupunguza kilo mbili tatu, halafu tunakuja na makoti mazito, mabuti na kamera. Watu watano wakifanya hivyo, rubani anabeba mzigo ambao haumo katika hesabu zake.

Mzigo huo una maana kubwa zaidi mlimani kuliko uwanjani. Mapanga ya helikopta huinua chombo kwa kusukuma hewa kwenda chini, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya kusukuma inavyopungua: kwenye mwinuko wa mita 3,000 shinikizo lake ni kama asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari. Injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, kwa hiyo nguvu hupungua pande zote mbili kwa wakati mmoja. Helikopta inayoelea karibu kabisa na ardhi tambarare hupata nafuu, maana hewa inayosukumwa chini inakutana na ardhi na kuwa kama mto wa kuegemea. Lakini juu ya ukingo mwembamba wa mlima hewa hiyo humwagika pembeni na nafuu hiyo hupotea. Kwa sababu hiyo rubani hufanya hesabu zake kwa mwinuko na joto la mahali atakapotua, si kwa hali ya mahali alipowapakia.

Mfano maarufu ni wa tarehe 14 Mei 2005, siku ambayo rubani Mfaransa Didier Delsalle aligusisha helikopta aina ya AS350 B3 kwenye kilele cha Everest, zaidi ya mita 8,800 juu ya usawa wa bahari, na kubaki hapo kwa zaidi ya dakika 3. Helikopta za jamii hiyo ya AS350 hubeba watalii wengi katika milima ya theluji. Lakini Delsalle alikwenda peke yake, na chombo chake kilikuwa kimepunguzwa uzito kwa makusudi. Hakubeba abiria hata mmoja, sembuse dada wawili na mabegi yao.

Kuhusu kiti, haikuwa upendeleo. Helikopta ikiwa angani imening'inia chini ya mhimili wa mapanga yake, mithili ya ndoo iliyoshikwa kwa mpini: ukiweka kitu kizito upande mmoja, inainama upande huo. Rubani anaweza kurekebisha kwa usukani, lakini kwa kiasi, naye anataka kukihifadhi kiasi hicho kwa ajili ya upepo. Ndiyo maana viti hupangwa kwa uzito, na familia hutenganishwa. Baadhi ya kampuni huahidi kiti cha mbele kwa nyongeza ya fedha. Hata huko, mizani ndiyo yenye neno la mwisho.

SWALI: Siku ya kwanza tuliambiwa safari imefutwa, ilhali jua lilikuwa likiwaka na anga lilikuwa jeupe pee. Siku ya pili tulipelekwa, lakini rubani alizunguka mara mbili juu ya mahali pa kutua, akageuza na kuturudisha. Tukarudishiwa sehemu ya fedha tu. Je, hatukuonewa? – Msafiri aliyekasirika

JIBU: Katika mambo mawili hamkuonewa hata kidogo, la tatu linategemea mkataba wenu.

Jua la bondeni halisemi lolote kuhusu upepo wa juu. Upepo ukivuka ukingo wa mlima hupanda upande unaotoka na kuporomoka upande wa pili, na helikopta iliyoingia katika mporomoko huo inasukumwa chini mahali ambapo tayari ina nguvu chache za kujiinua. Yote hayo hutokea katika hewa angavu, bila wingu hata moja la kumwonya mtu aliyesimama chini na miwani yake ya jua.

Siku ya pili, nadhani kilichowarudisha ni mwanga. Wingu jepesi likifunika jua, theluji hupoteza vivuli vyake vyote. Mteremko, shimo na tuta huonekana kama karatasi moja nyeupe, na hata jicho lililozoea kazi haliwezi kutambua kama ardhi iko mita 2 au mita 20 chini. Ongeza theluji ya unga inayorushwa na upepo wa mapanga yenyewe, ambayo katika sekunde za mwisho inaweza kuizingira helikopta na kumficha rubani kila kitu. Kwa hiyo yeye hutafuta kitu cha kushikiza macho: mwamba mweusi, kibendera, au alama za miguu ya helikopta iliyotangulia. Alizunguka mara ya kwanza akitafuta, akazunguka mara ya pili kuhakikisha, hakukipata, akaondoka. Mimi ningemtafuta rubani huyo huyo kwa safari yangu ijayo, kwani alikuwa na abiria waliolipa, wamekwisha kuiona theluji, na bado akakataa.

Suala la fedha ni tofauti. Ikiwa kutua kulilipiwa kama sehemu ya bei na hakukufanyika, ni haki kudai fedha za sehemu hiyo, na inaelekea ndicho mlichorudishiwa. Wakati mwingine someni masharti kabla ya kulipa: nini hurudishwa safari ikifutwa, nini hurudishwa mkiruka bila kutua, na nani mwenye uamuzi. Tena msiweke safari ya namna hii siku ya mwisho ya likizo. Iwekeni mwanzoni, saa za asubuhi, kabla mawingu ya mchana hayajajikusanya milimani, ili mbaki na siku za akiba.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Je, mwinuko hautamdhuru? Mimi mwenyewe sina tatizo lolote. Nitakuwa nimetoka tu kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa baharini siku hiyo hiyo asubuhi. – Mwana mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu, wewe ndiye unayenitia wasiwasi kuliko mama.

Anayepiga mbizi kwa mitungi hubaki na naitrojeni ya ziada iliyoyeyuka mwilini. Akipanda juu mapema, shinikizo la hewa likapungua, gesi hiyo inaweza kutengeneza viputo katika damu na maungo, na madhara yake ni pamoja na kupooza. Mwongozo unaotumiwa na wapiga mbizi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kuibuka ili kupunguza shinikizo, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Helikopta ya mlimani haina chumba kilichofungwa na kusawazishwa hewa kama ndege ya abiria, kwa hiyo kanuni hiyo inakuhusu. Badilisha mpango: mlima kwanza, bahari baadaye.

Kwa mama, ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana baada ya saa kadhaa za kukaa juu ya mita 2,500 hivi, wala si katika dakika 10. Lakini oksijeni hupungua papo hapo, na mwenye maradhi ya moyo au mapafu huweza kuhisi mara moja. Amwulize daktari wake, na amtajie kiwango cha mwinuko kwa mita badala ya kusema "mlimani" tu. Mweleze mama pia kwamba ngazi ya kupandia iko juu kidogo na theluji haina pa kushika. Mtu ampe mkono wakati wa kushuka. Akiwa na mafua yaliyoziba masikio, aahirishe.

SWALI: Rafiki yangu aliambiwa Ufaransa kwamba helikopta haziruhusiwi kumshusha mtalii mlimani, lakini katika nchi jirani ya Uswisi zinatua. Theluji si ile ile? – Mdadisi

JIBU: Theluji ni ile ile, sheria ni tofauti. Ufaransa, kwa sheria yake ya milima ya tarehe 9 Januari 1985, ilipiga marufuku kuwashusha watu milimani kwa ajili ya burudani nje ya viwanja vinavyotambuliwa. Uswisi imechagua njia ya kati: kutua kwa utalii juu ya mita 1,100 kunaruhusiwa kwenye maeneo maalumu ya kutulia tu, ambayo idadi yake haizidi 40. Nyuzilandi, ambako safari hizi ni maarufu sana, kampuni inayotaka kutua ndani ya hifadhi ya taifa, kama vile Westland Tai Poutini, lazima ipate kibali cha Idara ya Uhifadhi. Sababu kubwa ni kelele, zinazowasumbua wanyama na watu waliopanda mlima kwa miguu yao kutafuta utulivu. Sioni kosa katika masharti hayo, nami hupenda safari hizi.

SWALI: Tuvae nini, na watoto tuwaangalieje? – Mama wa wawili

JIBU: Miwani ya jua kwanza, hata kabla ya koti. Theluji mpya inaweza kuakisi hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na macho yaliyoungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mkiwa mmekwisha kusahau mlima. Vaeni viatu vilivyofunika vifundo vya miguu. Kofia na skafu zisizofungwa zibaki ndani, kwa maana upepo wa mapanga unaweza kuzinyakua na kuzipeleka kwenye rafadha.

Watoto washikwe mkono muda wote, wala si kuambiwa tu. Hakuna anayeteremka mpaka rubani atoe ishara. Kila mtu huondoka kuelekea mbele, mahali rubani anapomwona, na kamwe hapiti nyuma, kwa kuwa rafadha ndogo ya mkiani inazunguka kwa kasi ambayo jicho haliioni. Kwenye mteremko ondokeni kwa upande wa chini, maana upande wa juu ardhi inayakaribia mapanga. Msivuke mahali mlipoonyeshwa kuishia, hata kama mbele panaonekana tambarare. Juu ya mto wa barafu, theluji hiyo laini inaweza kuwa imefunika ufa.

Na simu ifungwe kamba mkononi. Ikianguka kwenye theluji ya unga huacha kitundu kidogo cheusi tu, na hizo dakika 10 zenu mtazimaliza mmepiga magoti mkichimba.