Mapipa ya dawa yaliyofukiwa: msilete tingatinga kwanza

Ndugu wa Arua, nimesoma swali lako mara mbili. Mmepewa kiwanja cha kujenga shule, nyuma yake kuna stoo ya zamani ya tumbaku, wazee wanasema mapipa ya dawa za mashambani yalifukiwa hapo, na mkandarasi anaahidi kuchimba yote kwa siku mbili akayamwage dampo la mji. Mkataeni. Nitaeleza kwa nini.

Mimi nimekulia kambini Kilembe, huku magharibi mwa Uganda, baba akiwa kwenye mgodi wa shaba, na Kiswahili nilikipata huko. Baadaye nilikuwa kibarua, halafu msimamizi wa zamu, kwenye kikosi kilichoondoa dawa za pamba zilizofukiwa nyuma ya stoo moja huku Kasese. Sitasema ilikuwa ya nani. Shimo lenyewe lilikuwa na ukubwa wa sebule mbili hivi. Tulijua tutamaliza kwa wiki mbili. Tulikaa miezi mitatu, na mwezi mzima wa kwanza hakuna aliyegusa koleo.

Mwezi ule tulikuwa tunafuata maji. Tulichimbiwa visima vyembamba vya kupimia, kimoja upande wa juu wa shimo na vitatu upande wa chini. Watu wengi hukisahau kile cha juu, wakati ndicho kinachoonyesha maji yalivyokuwa kabla ya kupita kwenye sumu. Bila hicho, mwenye stoo atasema uchafu ulikuwepo tangu zamani, nanyi hamtakuwa na la kumjibu. Tukapima na udongo wa juu. Dawa za zamani kama DDT na dieldrini hung'ang'ania udongo, kwa hiyo husafiri na vumbi na maji ya mvua. Kuku akidonoa hapo, sumu huingia kwenye mafuta yake na kutokea kwenye yai. Mtawaudhi majirani kwa kuwaambia wafunge kuku, lakini waambieni. Kama karibu hapo pana josho la zamani la ng'ombe, pimeni arseniki pia. Ile haiozi.

Sisi wa bonde la mto Nyamwamba, unaopita Kilembe, hatuhitaji kusimuliwa maji yanaweza nini. Uchimbaji wa shaba ulisimama miaka ya 1980, mabaki ya mgodi yakaachwa kando ya mto, na mafuriko ya 2013 na ya 2020 yakayamega na kuyateremsha bondeni. Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni uzio, mfereji wa kuyakinga maji ya mvua upande wa juu, na turubai nzito juu ya shimo. Hayo hata kamati ya wazazi inaweza kuyagharamia.

Kuna sehemu ambapo sumu huachwa palepale ikafunikwa: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, plastiki nene, mchanga, kisha udongo wa kuoteshea majani, na visima vya kupimia kwa miaka mingi. Ni njia halali. Lakini juu ya kifuniko cha namna hiyo hapajengwi shule. Huko Niagara Falls, Marekani, kampuni ya kemikali ilifukia takataka za sumu kama tani 20,000 kwenye mfereji wa Love Canal, na mwaka 1953 ikakabidhi kiwanja hicho kwa bodi ya shule kwa dola 1. Shule ikajengwa. Mwaka 1978 familia zikaanza kuhamishwa. Kwa hiyo kwenu ni mawili tu: itolewe yote, au shule itafutiwe kiwanja kingine.

Ikiwa mtachimba, chimbeni mkijua kwamba hakuna anayejua kilichomo. Siku ya tatu ya kuchimba tulikuta pipa limevimba pande zote mbili. Lilikaa kivulini siku nne likilindwa, hadi fundi alipofika. Alifunga ncha ya shaba isiyotoa cheche kwenye mkono wa mashine akalitoboa kwa mbali, sisi tumejibanza nyuma ya magunia ya mchanga. Likapumua kama sufuria ya presha. Tingatinga la mkandarasi wenu lingelikanyaga tu.

Chini yake palikuwa na vibati vya vidonge vya kufukizia mahindi, na kijana mmoja akataka kuvimwagia maji ili asome lebo. Ile ni fosfidi ya alumini: ikikutana na maji hutoa gesi ya fosfini, na fosfini inaua. Wanasema inanuka kitunguu saumu, lakini msiitegemee pua, tumieni kipimo cha gesi. Vivyo hivyo msikaushe dawa iliyomwagika kwa pumba za mbao. Baadhi ya dawa za kuua magugu zina klorati, na klorati ikichanganyika na pumba huwaka kama kiberiti. Sisi tulitumia udongo mkavu wa mfinyanzi.

Zahanati ya karibu iambiweni kabla ya siku ya kwanza, nayo iwe na atropini, dawa ya kukabili sumu ya baadhi ya dawa za wadudu. Mtu akianza kutoka mate, jasho na machozi pamoja, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, hiyo ni sumu imemwingia: hakuna kumpa maziwa, mkimbizeni huko zahanati.

Jua la Kasese mnalijua. Ndani ya ovaroli ya plastiki na barakoa ya chujio tulikuwa tukifanya dakika thelathini, thelathini nyingine kivulini. Kilichonitia hofu kuliko pipa lile kilikuja jioni. Mwenzetu mmoja alienda nyumbani na gambuti za kazini, nzuri, mpya. Nilipogundua nikachukua bodaboda kumfuata. Nilimkuta binti yake, miaka minne hivi, amesimama mlangoni ndani ya gambuti zile, zimemfika mapajani, anapiga saluti kama askari. Tukamwogesha mtoto kwa sabuni usiku uleule, akilia kwa kunyang'anywa mchezo. Kuanzia kesho yake gambuti zilihesabiwa jioni kama bunduki. Mapipa matupu nayo tuliyatoboa na kuyabonda mbele ya watu, maana kulikuwa na mzee ameshaagiza mawili ya kutengenezea tonto, pombe ya ndizi.

Sasa, mzigo unakwenda wapi? Siyo dampo la mji. Huko kuna watu wanaookota chupa kwa mikono mitupu, na mlima wa taka wenyewe hauaminiki: dampo la Kampala la Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likaua zaidi ya watu 30, na zile zilikuwa taka za kawaida. Kuchoma shimoni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu dawa zenye klorini zikiungua kwa moto mdogo huzaa dayoksini, sumu kali sana inayosafiri na moshi. Zinahitaji tanuri la zaidi ya digrii 1,100 lenye kusafisha moshi. Mzigo wetu ulipakiwa kwenye mapipa mapya, ukapelekwa ng'ambo. Kwa Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari, nchi inayopokea na kila nchi ya njiani lazima zikubali kwa maandishi, na kwa sisi tusio na bahari ina maana Kenya kwanza. Kusubiri karatasi kulikula muda kuliko kuchimba.

Anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na afisa mazingira wa wilaya, kisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa sheria ya mazingira ya 2019 na kanuni za taka za 2020, hakuna anayeruhusiwa kusafirisha taka hatari bila leseni. Mwambieni mkandarasi awaonyeshe yake, pamoja na barua ya mahali mzigo utakapopokelewa. Akianza kuzungumzia punguzo la bei, mmepata jibu.

Kama kuna lebo zinazoonekana juu ya ardhi, piga picha uziweke hapa nizitazame. Simama upande upepo unakotoka, na usisogeze pipa lolote ili picha itoke vizuri.